Kumrudisha Msomaji kutoka Ujiji

Tangu nirudi sijapata kunywa chai yangu kwa utulivu. Kila anayepita hapa nyumbani huuliza swali lilelile, na nikimaliza kumjibu mmoja huingia mwingine, naye hataki nianzie katikati, anataka nianzie Tabora. Basi nimeona niandike mara moja tu. Karatasi hizi zizunguke kwenu kama kilivyozunguka kile kitabu, ila nawaombeni zisimtume mtu popote.

Kitabu chenyewe wengi wenu mnakijua, lakini wapo ambao zamu haijawafikia, nami nitawaeleza kwa ufupi. Ni hadithi ya Shomari, kijana wa Kizaramo aliyetoka kwao alfajiri na sanduku moja la bati, bila kumuaga mtu, akaapa kwamba hatarudi mpaka jina lake limtangulie. Akabeba mizigo ya watu, akajifunza kusoma kwa mwanga wa kibatari, akawa karani, akawa msimamizi, akawa mtu wa kuvuliwa kofia. Aliporudi na masanduku yake akakuta mama yake amekwisha kuzikwa. Hadithi inaishia pale kaburini, pamoja na mawaidha.

Hapa kwetu kilikuwapo kimoja tu, na kimepita katika mikono mingi mpaka jalada likashonewa ngozi ya mbuzi. Tulikisoma kama watu wenye njaa. Kila mtu alitafuta humo jibu la maisha yake, na nadhani kila mtu alipata jibu alilolitaka. Seremala wetu aliacha pombe kwa sababu ya ukurasa mmoja. Mwenzetu mwingine alinunua saa ya ukutani, ingawa hana mahali popote pa kuwahi. Mimi nilianza kuoga maji baridi alfajiri kama Shomari, nikapata kikohozi ambacho hakijaniacha mpaka leo. Mdogo wangu Titus, aliyekuwa akipima nta dukani kwa Mhindi mmoja, hakuacha pombe wala hakununua saa. Yeye aliondoka.

Aliondoka alfajiri, na sanduku la bati, bila kumuaga mtu, vilevile kama ilivyoandikwa. Alimwacha mkewe Magdalena na mtoto ambaye hata kukaa alikuwa hajajifunza. Miezi ikapita kimya, halafu mchuuzi mmoja wa dagaa akatuambia kwamba amemwona Ujiji. Habari hizo zikafika mpaka Puge, kwa baba mkwe wake, Mzee Luhende, mkulima wa karanga, mtu mpole ambaye upole wake unaogopesha kuliko ukali wa wengine. Akaja, akala, akanawa, ndipo akasema.

"Mwalimu, binti yangu sikumwozesha kwa nyumba tupu. Nikimaliza kuvuna karanga nitakuja kumchukua, yeye na mtoto. Siku hiyo nisikute maneno. Nikute mtu."

Magdalena alikuwa uani akipepeta mchele, na aliendelea kupepeta. Mama yetu akanigeukia mimi. Mimi ni kaka mkubwa, tena shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha.

Nikakichukua kitabu. Nilijua Titus hatanisikia mimi, lakini nilifikiri atamsikia Shomari, nikimsomea sura ile ya mwisho ya majuto. Ulikuwa mpango mzuri, na niliujivunia mpaka Kaliua.

Tabora mpaka Kaliua

Gari la moshi liliondoka limejaa, na daraja la tatu lilinuka ngozi, samaki na watoto. Mbele yangu alikaa mzee mmoja wa makamo aliyevaa kanzu na koti, amepakata kitu kilichofunikwa kanga, akakishika kwa namna ambayo mwanzoni nilidhani ni mgonjwa mdogo. Kilikuwa cherehani. Jina lake Bwana Kondo, fundi, Mzaramo wa kule kwao kabisa, anakwenda Ujiji kushona kwenye baraza ya jamaa yake. Pembeni yangu walikuwapo wanaume wa Kinyamwezi wanaokwenda kufanya kazi ya chumvi Uvinza, na mkubwa wao aliitwa Mihambo, bonge la mtu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

Tulikula matobolwa, vile viazi vikavu vilivyochemshwa kwanza, pamoja na karanga za kukaanga, kwa sababu huwezi kukaa na Wanyamwezi garini ukala peke yako. Nilipokwisha kula nikafungua kitabu. Niwe mkweli, nilikifungua pia ili nionekane nakifungua.

"Mwalimu," akasema Mihambo, "unasoma kimyakimya kama mtu anayekula amejifungia mlango. Tusomee na sisi."

Nilifurahi. Nikakohoa kidogo, nikaanza na sauti yangu ya darasani. Sikufika mbali. Niliposoma tu kwamba Shomari ni Mzaramo, Mihambo akaninyooshea mkono ninyamaze, akamgeukia Bwana Kondo.

"Fundi, kumbe ni ndugu yako. Mbona hukusema kwamba una ndugu kitabuni?"

"Ni ndugu yangu kabisa," akajibu Bwana Kondo bila hata kutabasamu. "Nanyi wapagazi kaeni vizuri, msije mkamchafua kwa mavumbi ya miguu yenu."

Behewa zima likacheka, na toka hapo hadithi ikatoka mikononi mwangu. Hakuna asiyejua kwamba Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walishuka pwani na mizigo, wakafikia kwa Wazaramo, wakaugua huko, wakazikana, wakazoeana kwa matusi. Mtani wako akikutukana huruhusiwi kununa. Akichukua kitu chako huna pa kushtaki. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kukuchekesha, na yeye ndiye anayeshika jembe la kuchimba kaburi. Mimi mambo hayo nilikuwa nimeyaweka kando kwa sababu ya kusoma kwangu. Hata kitabu kinasema wazi kwamba mtu wa maendeleo hana nafasi ya mzaha.

Nikasoma Shomari anavyotoroka alfajiri. "Ubwabwa wa mama yake umekwisha chunguni," akasema Mihambo. Nikasoma anavyojifunza kwa kibatari. Wakataka kujua mafuta ni ya nani. Nikasoma anavyoapa kwamba hatacheka mpaka afanikiwe, na hapo mmoja wao akamshauri Bwana Kondo ampeleke ndugu yake kwa mganga, maana hicho si kiapo, ni ugonjwa wa meno. Bwana Kondo naye aliwarudishia moja baada ya moja, akimtetea Shomari na kuwavua nguo Wanyamwezi wote mpaka babu zao.

Nikafunga kitabu. Nilikasirika hasa. Kwangu Shomari hakuwa mtu wa kuchezewa, maana nilikuwa nimemwamini kuliko walimu wangu walionifundisha. Nikatazama dirishani miombo inavyopita, nikajisemea kwamba lulu si chakula cha nguruwe. Mihambo akanimegea asali kwenye jani, nami nikaipokea kwa uso wa kununa, nikaila yote.

Kaliua, tulipokwama

Kaliua tukaambiwa tushuke. Mvua za mwisho zilikuwa nzito upande wa Malagarasi na maji yalikuwa yamekata reli. Gari lingine lingetusubiri ng'ambo, lakini lini, hata stesheni masta mwenyewe hakujua, na kila alipoulizwa alizidi kutojua. Nilifikiria karanga za Puge zikikauka mashambani.

Tulilala kwenye mabanda ya sokoni. Mama mmoja mwenye mgahawa wa makuti alitupikia ugali wa mtama na uyoga wa porini uliokaangwa kwa karanga, na nasema wazi kwamba sijala chakula kama kile hata sikukuu ya Pasaka. Siku hazikuwa na kazi. Watu wakaanza tena kuulizia kitabu, safari hii wengi zaidi, hata akina mama wa sokoni. Nikakataa. Bwana Kondo akaja akakaa karibu nami.

"Mwalimu, wasomee. Ndugu yangu ameachwa njiani tangu garini. Si vizuri."

Nikasoma, na nikaruka mpaka sura ya mwisho ili yaishe. Shomari anarudi na masanduku yake, anauliza mama yuko wapi, jirani anainama asijibu. Nilipofika hapo Mihambo na wenzake wakainuka wote kwa pamoja. Mmoja akamvua Bwana Kondo kofia, mwingine akamchukulia viatu, na Mihambo mwenyewe, na unene wake wote, akalala chali katikati ya uwanja.

"Hapa ndipo kaburi," akasema. "Mama Shomari hazikwi. Hachimbi mtu hapa mpaka wafiwa watoe kitu."

Nilidhani Bwana Kondo ataona sasa wamepita mpaka. Yeye akafungua mzigo wake taratibu, akatoa halua iliyofungwa kwenye majani, akailalamikia kwamba ni kubwa mno kwa wapagazi, akaiweka kifuani kwa Mihambo. Wakagawana, hata mimi nikapewa. Mihambo akainuka, akajipangusa vumbi, akamrudishia Bwana Kondo kofia yake kwa mikono miwili.

"Haya. Amezikwa. Sasa Shomari anaruhusiwa kulia."

Bwana Kondo akalia kweli. Alilia kwa sauti ndogo, amefunika uso kwa kofia, na hakuna aliyemtania. Baadaye aliniambia kwamba mama yake alifariki pwani wakati yeye yuko bara anashona, na habari zilimfikia wakati marehemu amekwisha kusomewa arobaini. Hakuwahi kukaa matanga.

Sura ile nilikuwa nimeisoma mara nyingi sana, na kila mara nilitoka nayo mawaidha ya bidii. Sikuwahi hata mara moja kumhurumia yule bibi. Jioni ile tulikaa kama watu waliotoka makaburini, na mama wa mgahawa hakutuuzia chai, alitupa bure.

Hapo ndipo nilipomweleza Bwana Kondo habari za Titus, na kwamba nimebeba kitabu ili nikamsomee. Akasikiliza huku anatia uzi kwenye sindano, akashona kifungo cha koti langu bila kuombwa.

"Mimi nimeona kitu kimoja tu kwa huyu ndugu yangu," akasema. "Kitabu kizima hana mtani. Wapo wanaomsifu, wapo wanaomwogopa. Hakuna wa kumvua kofia."

Mwalimu haoni raha kufundishwa hadithi aliyoileta mwenyewe.

Njia ya wapagazi

Tulipochoka kungoja tuliamua kutembea ile sehemu mbovu. Njia ya zamani ya misafara bado ipo, inakwenda karibu na reli kama ndugu mkubwa aliyepitwa cheo, na watu wa huko wanaitumia kuliko mnavyodhani. Babu yangu mzaa baba aliipita na pembe begani. Mimi nilikuwa na mwavuli na kitabu, na bado nililalamika kuliko alivyolalamika yeye, maana mbung'o wa msitu ule wanauma kupitia suruali.

Tope lilikuwa jingi, na Bwana Kondo alibeba cherehani lake kichwani kwa shida, akiteleza kila hatua. Tulipoinama kwenye kijito kunywa maji, nikamwona mmoja wa vijana wa Mihambo analinyakua lile cherehani, analitia begani, na kutokomea nalo msituni mbio. Bwana Kondo akaanza kupiga kelele za mwizi.

Nami nikafanya kama anavyopaswa kufanya raia mwema. Nilirudi nyuma hadi walipokuwa wanatengeneza reli, nikamtafuta msimamizi wao, nikamtaka aje na watu wake kwa sababu mzee wa watu ameporwa chombo chake cha kazi. Msimamizi alikuwa Msukuma. Akaniuliza mzee huyo ni kabila gani, na waliomwibia ni kabila gani. Nilipomjibu akakaa kwenye reli akacheka mpaka akashika tumbo.

"Na wewe mwenyewe, Mwalimu, ni mtu wa wapi?"

Nikamwambia ni Mnyamwezi.

"Rudi kawaambie wazee wako wakufundishe," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Nilipowafikia wenzangu niliona jambo lilivyo. Cherehani lilikuwa linapokezanwa bega kwa bega, kutoka tope hadi tope, na nyuma yake Bwana Kondo anatembea mikono mitupu, anawatukana wezi wake kwa furaha yote. Kama wangemwambia, "Mzee, tukusaidie," angekataa, kwa kuwa ni mtu mwenye heshima zake. Kuibiwa na watani hakukumpunguzia kitu. Walilibeba hivyo mpaka mtoni, wakalipandisha mtumbwini kwenye maji ya Malagarasi, wakalishusha ng'ambo, halafu wakamdai halua nyingine kwa ajili ya kulilinda.

Habari ya mimi kwenda kuwashtaki ilikwisha wafikia, sijui kwa mdomo wa nani. Nilitaniwa mpaka Uvinza, na watu wa kabila langu mwenyewe.

Uvinza

Gari lililotusubiri ng'ambo lilitufikisha Uvinza mchana. Huko kila kitu kina chumvi, hata upepo. Mihambo na wenzake wakashuka, wakanipa chumvi iliyofungwa kwenye majani makavu nimpelekee mama. Tuliagana kwa muda mrefu kuliko gari lilivyotaka. Mihambo akanishika mkono, akaniambia nikimpata mdogo wangu nisimsomee sana, nimsalimie kwanza.

Ujiji

Kwa mara ya kwanza nikala maharage yaliyopikwa kwa mawese. Yaliletwa mekundu kiasi kwamba niliomba radhi, nikasema sili pilipili. Mwenye nyumba, jamaa yake Bwana Kondo, akanitazama kwa huruma, akaniletea mengine, nayo mekundu vilevile. Nikala. Leo nayatamani.

Titus hakuwa amejificha. Alikuwa anafanya kazi ya kupakua mizigo bandarini Kigoma, na jioni anarudi kwenye chumba chake Ujiji. Alinipokea mlangoni, amekonda, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Titus. Hujambo?"

"Sijambo. Najiendeleza."

Aliongea hivyo, mdogo wangu niliyemfundisha kupanda miti ya maembe ya watu. Chumba kilikuwa safi kama kanisa. Ukutani ameandika kwa chaki maneno ya Shomari, mstari chini ya mstari. Hakuwa na rafiki hata mmoja, kwa sababu rafiki hupoteza muda. Pembeni palikuwa na lile sanduku la bati, nami nikaomba alifungue. Ndani mlikuwa na suti, viatu ambavyo havijakanyaga chini, kanga ya mama, kanga ya Magdalena, na kofia ndogo ya mtoto. Kila alichopata alikitia humo kwa ajili ya siku ya kurudi.

Nikamwambia habari za Mzee Luhende. Akabadilika rangi. Nikafungua kitabu, nikamsomea sura ya mwisho kwa moyo wangu wote. Alinisikiliza amefumba macho, na midomo yake inakwenda pamoja nami. Aliijua yote kwa kichwa.

"Kosa la Shomari ni kuchelewa, kaka," akasema nilipomaliza. "Mimi sitachelewa. Wakinifanya msimamizi narudi."

"Mkeo anachukuliwa sasa hivi, karanga zikivunwa."

"Nikirudi sasa, narudi nani? Mpakua mizigo. Watu wa Tabora watanicheka."

Mpango wangu ulikuwa umekwisha hapo. Nililisoma lile jalada la ngozi ya mbuzi kana kwamba limeandikwa kitu. Nilihisi huzuni, tena huzuni ya kweli, kwa sababu niliona kwamba mdogo wangu si mwovu hata kidogo. Aliwapenda waliomo ndani ya lile sanduku. Aliogopa kuchekwa tu.

Bwana Kondo alikuwa amenisindikiza, amekaa kwenye kizingiti muda wote huo. Akauliza taratibu kama huyu kijana naye ni Mnyamwezi. Nikasema ndiyo, tumbo moja. Basi akainuka, akalifunga sanduku, akalijitwika kichwani, akatoka nalo.

Titus akabaki ameduwaa. "Kaka, mwambie arudishe."

"Ni mtani wako," nikasema. "Nimwambieje?"

Kutoka Ujiji mpaka stesheni ya Kigoma si mbali, lakini ni mbali kwa mtu anayemkimbilia mzee mwenye sanduku huku amevaa ndala na anachekwa na barabara nzima. Bwana Kondo alitangaza kwa kila aliyekutana naye kwamba ameokota mali ya Mnyamwezi. "Mchama ago hanyele, ahamaye kambi haichafui," akawa anasema, "huyu ameondoka kwao kama ng'ombe aliyekata kamba." Wauza dagaa wakampisha njia. Mara mbili Titus alilifikia sanduku, na mara mbili akashindwa kulivuta kwa mzee wa watu mbele ya macho ya watu. Mimi nilikuja nyuma na mwavuli wangu. Niliogopa atakasirika, lakini kila hasira ilipompanda alikumbuka kwamba haruhusiwi, na ikashuka.

Reli ilikuwa imekwisha tengenezwa, na gari la kwenda Tabora lilikuwa linatiwa maji. Bwana Kondo akapanda, akaliweka sanduku chini ya benchi, akashukia mlango mwingine.

"Ukiitaka suti yako, ipo Tabora," akamwambia Titus. "Panda uilinde. Garini kuna wezi, hasa Wanyamwezi."

Titus akasimama kwenye ngazi. Alimtazama yule mzee anavyotweta, kanzu imelowa jasho, na ghafla akacheka. Si kicheko kikubwa, lakini ni cha kwanza baada ya muda mrefu, maana kilimtoka kama kitu kilichopata kutu. Akapanda. Nikamshika Bwana Kondo mkono, nami nikapanda.

Kurudi

Njiani Titus alikaa juu ya sanduku lake, na Kaliua tukala tena ule uyoga. Kila tulipopita mashamba nilimwona anachungulia, nikajua anatafuta karanga, kama zimeng'olewa ama bado. Zilikuwa zimeng'olewa.

Tulipofika nyumbani baiskeli ya Mzee Luhende ilikuwa imeegemezwa uani, nyuma imefungwa mkeka na sufuria. Mzee alikuwa anakaza kamba. Magdalena alikuwa tayari, mtoto mgongoni, na mama yetu amekaa chini, kanga kichwani, kama mfiwa.

"Shikamoo, baba," akasema Titus.

"Marahaba," akajibu Mzee Luhende, akaendelea kukaza.

Titus akamgeukia mkewe, akaanza kuomba radhi. Maneno yalikuwa mazuri, ya kutia machozi, kuhusu mtu aliyetafuta dunia akapoteza nyumba. Magdalena akayasikiliza mpaka mwisho.

"Hayo ni ya Shomari," akasema. "Ukurasa wa mwisho."

Tukatazamana. Hakuna aliyejua kwamba amekisoma. Alifundishwa kusoma na masista akiwa msichana, lakini katika mzunguko wetu wa zamu hatukuwahi kumweka.

"Ulipoondoka nilikisoma chote, mara mbili," akasema, bila kupandisha sauti. "Nilitaka kujua umekwenda wapi, na mimi nifanye nini. Shomari ana mke. Ametajwa mara moja tu, amelala. Hakuna anayemuuliza kitu, wala haambiwi kitu. Hata jina hakupewa." Akaninyooshea mkono. "Shemeji, naomba hicho kitabu."

Nikampa. Akakifungua mwanzoni bila kutafuta, akampa mumewe.

"Soma pale anapoondoka. Nitakuwa nakukatiza. Nikikukatiza unijibu wewe, Shomari anyamaze."

Titus akakaa juu ya sanduku katikati ya uwanja. Alisoma kwamba alfajiri ile Shomari aliinuka polepole, akavaa gizani, akanyata mpaka mlangoni ili asimwamshe mkewe.

"Nilikuwa macho," akasema Magdalena.

Titus akainua uso. Neno alilolisema halikuwa la kitabuni. Mimi nikaingia ndani, maana yaliyofuata si yangu kuyaandika wala yenu kuyauliza. Nitasema tu kwamba ukurasa ule mmoja uliwachukua mpaka jua likainama. Mzee Luhende alisimama na kamba mkononi muda wote, akisikiliza maswali ya binti yake na majibu ya mkwewe. Walipofika mwisho wa ukurasa akaanza kuifungua.